Namna ya kulinda siri ya afya yako kazini nchini Uganda, na la kufanya umbeya ukishaanza

Katika ofisi nyingi za Uganda, habari kwamba fulani anaumwa hufika kabla ya cheti chake cha daktari. Sisi wa uwakala wa forodha hapa mpakani Busia tunalijua hilo vizuri. Msamia, Mganda, Mteso na Mkenya wote tunapashana kwa Kiswahili kuanzia chai ya asubuhi hadi geti linapofungwa, na Redio Katwe, yaani uvumi wa mitaani, haina haja ya kibali kuvuka mpaka. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi katika kampuni mojawapo hapa, na malalamiko ya namna hii huishia kwangu. Karibu yote yanafanana kwa jambo moja. Mgonjwa huja akitafuta msaliti, kumbe siri yake ilitoka kwenye daftari la hospitali, kwenye ankara ya kliniki, au kwenye ujumbe wa mchango ulioandikwa na rafiki yake wa dhati. Mbea alikuja baadaye akaokota kilichokwisha anguka.

Kwa hiyo hapa sitakufundisha kuwanyamazisha wambea. Kazi hiyo iliwashinda wazee wetu, itatushinda na sisi. Nitakuonyesha njia ambazo siri hupitia ili uzifunge moja moja, halafu nitasema la kufanya kama maji yamekwisha mwagika.

Kabla hatujaanza, kuna methali utatupiwa: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wenzako wataitumia kukubana useme unaumwa nini. Wajibu kwamba umekwisha kwenda kwa daktari na kwake hukuficha kitu. Methali inakutuma hospitali, haikutumi kwa mhasibu wala kwa dereva wa kampuni. Kuna pia watakaokutajia Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyetangaza mwaka 1989 kwamba ana virusi vya UKIMWI na akaibadilisha nchi nzima kwa ujasiri ule. Ni kweli. Lakini Lutaaya alitangaza mwenyewe, kwa kinywa chake, siku aliyoichagua. Hakutangaziwa na mtu wa stoo.

Hatua ya 1: Jua mwajiri anastahili kujua nini

Wengi hutoa siri zao kwa sababu wanadhani wanalazimika. Hawalazimiki, angalau si kwa kiwango hicho.

Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mfanyakazi aliyekwisha fanya kazi mwezi mmoja mfululizo, akishindwa kufanya kazi kwa ugonjwa, analipwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaruhusiwa kusitisha mkataba kwa kufuata masharti yake. Ili upate haki hiyo unatakiwa kumjulisha mwajiri mapema kadiri inavyowezekana kwamba hutakuwepo na kwa sababu gani, na akikuomba, umpe cheti kilichosainiwa na daktari anayetambulika. Cheti hicho kinathibitisha kwamba huwezi kufanya kazi na kwa muda gani. Soma tena sentensi hiyo. Kinachothibitishwa ni kutoweza kufanya kazi.

Juu ya hapo ipo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Sheria hiyo inaweka hali ya afya na rekodi za matibabu kwenye fungu la data nyeti, pamoja na dini, siasa, mambo ya fedha na maisha ya kimapenzi. Data za fungu hilo hazikusanywi wala kushughulikiwa ovyo. Mwajiri anaweza kuzishika pale ambapo sheria inampa wajibu fulani kama mwajiri, au pale ulipokubali mwenyewe kwa hiari. Kutaka tu kujua si wajibu wa kisheria.

Kwa lugha ya kazini, bosi ana haki ya majibu ya maswali matatu: utakosekana hadi lini, ukirudi kuna kazi ambayo hutaiweza, na je, ugonjwa wako unahatarisha wenzako kazini. La tatu nitalirudia, maana ndilo linalotumiwa vibaya.

Hatua ya 2: Zungumza na daktari kabla hajashika kalamu

Hii ndiyo hatua inayookoa zaidi na inayosahauliwa zaidi. Daktari amechoka, foleni iko hadi nje, naye huandika kwenye cheti cha kazini kile kile alichoandika kwenye daftari lako. Hakukusudia ubaya. Ni mazoea.

Mwambie mapema, kwa heshima: “Daktari, cheti hiki nakipeleka kazini. Naomba usiandike jina la ugonjwa. Andika tu kwamba sina uwezo wa kufanya kazi hadi tarehe fulani, na nikirudi nisibebe vitu vizito kwa wiki mbili.” Wengi wao watakubali bila neno, kwa sababu kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya kiapo chao. Kisha, ukiwa bado mbele yake, angalia vitu vitatu kwenye karatasi. Kwanza, sehemu ya ugonjwa iwe tupu au iandikwe maneno ya jumla. Pili, tazama kichwa cha karatasi. Cheti chenye kichwa cha Hospitali ya Butabika, ile ya magonjwa ya akili, au cha Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, kimekwisha sema yote kabla mtu hajafika mstari wa pili. Tatu, angalia muhuri, kwa sababu baadhi ya mihuri hubeba jina la kliniki ya ndani ya hospitali, siyo la hospitali yenyewe.

Kama kichwa au muhuri unakusaliti, uliza kama hospitali ina karatasi ya kawaida ya utawala. Ikishindikana, daktari wa kituo chako cha karibu anayekuhudumia anaweza kukuandikia cheti baada ya kuona barua ya wenzake. Usighushi. Cheti bandia kitakufukuzisha kazi upesi kuliko ugonjwa wowote, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukutetea.

Cheti ukikipata, kiweke kwenye bahasha, uifunge, uandike jina la mtu mmoja wa kuipokea. Usimpe askari wa geti, wala usimwachie mwenzako “atakupelekea”. Na usikipige picha ukaituma kwenye kundi la WhatsApp la idara ili bosi aone kwamba hukudanganya. Hilo nimeliona zaidi ya mara moja, na anayefanya hivyo huwa ni mtu mwaminifu kupita kiasi.

Hatua ya 3: Daftari, kopo la dawa na simu

Katika vituo vingi vya afya vya serikali mgonjwa hununua daftari la shule, na daktari huandika humo kila kitu: dalili, vipimo, dawa. Daftari hilo lina picha ya wanyama au mchezaji mpira juu, kwa hiyo mtu halioni kama hati ya siri. Analiacha mezani, au ndani ya mkoba ulio wazi kwenye teksi ya asubuhi. Usidanganyike na vifupisho pia. Wahudumu huandika ISS badala ya kutaja virusi, na zamani ilisaidia. Siku hizi hata kijana wa fotokopi anajua ISS ni nini.

Daftari libaki nyumbani. Ukitoka kliniki moja kwa moja kwenda kazini, liweke ndani ya bahasha ya khaki chini kabisa ya mkoba. Ukilipiga jalada, juu yake andika jina lako la kwanza tu, au usiandike kitu.

Makopo ya dawa yana sauti. Kopo la plastiki la vidonge vya mwezi mzima likitikisika ndani ya mkoba, chumba kizima husikia, na kwa bahati mbaya Waganda wengi sauti hiyo wanaihusisha na ugonjwa mmoja tu, hata kama wewe unameza dawa za presha. Watu huweka pamba ndani ya kopo, au hubeba dozi ya siku moja ndani ya kikasha kidogo. Kabla ya kuhamisha dawa yoyote muulize mfamasia, kwa maana kuna dawa zisizopenda unyevu wala mwanga.

Halafu siku za kliniki. Ukikosekana kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, hesabu hiyo haihitaji msomi. Kwa wenye VVU waliotulia kwenye matibabu, vituo vingi hutoa dawa za miezi kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo ulizia hilo. Kwa magonjwa mengine, omba ratiba ibadilike badilike. Kumbuka pia kwamba likizo yako ya mwaka, ambayo sheria inaihesabu siku saba kwa kila miezi minne ya kazi, haiulizwi sababu. Siku moja ya likizo hiyo inakutosha kwenda kliniki na kurudi bila kumwandikia mtu barua ya maelezo.

Simu sasa. Fungua WhatsApp, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, uangalie kama kompyuta ya ofisi bado imo. Ulifungua pale ukatuma hati za mzigo, ukaondoka, na tangu siku hiyo majibu yako ya maabara yanaingia kwenye skrini ambayo mtu mwingine anaitumia. Ondoa. Zima pia maandishi ya ujumbe yasionekane juu ya simu iliyofungwa, maana ukumbusho wa kliniki huja bila kupiga hodi.

Na kibanda cha fotokopi. Unapompa kijana karatasi aichanganue akutumie kwa WhatsApp au barua pepe, nakala hubaki kwenye kompyuta yake, kwenye folda ambayo kila mteja anayekuja kuchapa barua anaiona. Simama hapo hapo hadi aifute, na aifute kwenye pipa la taka la kompyuta pia. Vizuri zaidi, piga picha kwa simu yako na uachane na kibanda.

Hatua ya 4: Fuata njia ya pesa

Nani analipia matibabu yako? Swali hili huonekana la kihasibu, lakini ndipo siri nyingi za ofisi hutokea.

Kampuni zenye bima ya kweli kwa kawaida haziletewi maelezo ya matibabu ya kila mtu. Lakini kampuni nyingi za kati hazina bima. Zina mkataba na kliniki ya mtaa, na mwisho wa mwezi kliniki inaleta ankara: jina, tarehe, kipimo, dawa, bei. Ankara hiyo inapita kwa mhasibu, kwa msaidizi wake, kwa meneja wa kusaini, kisha inawekwa kwenye faili ambalo mkaguzi analifungua. Watu wanne au watano wamejua umepimwa nini, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Nenda kwa afisa utumishi umuulize kwa upole: “Ankara ya kliniki ikija, inaonyesha nini?” Usiseme unauliza kwa nini. Kisha pendekeza, ikiwezekana kwa niaba ya wote kupitia mwakilishi wenu, kwamba ankara ionyeshe namba ya mfanyakazi na jumla ya pesa tu, na maelezo ya matibabu yabaki kliniki mpaka yatakapohitajika kwa ukaguzi. Sisi tulipolipeleka suala hili kwa njia hiyo, hoja iliyowashawishi wakubwa haikuwa huruma. Ilikuwa sheria ya 2019, ambayo kampuni ikikutwa na hatia mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia mbili ya mapato yake ya mwaka.

Mpaka hapo mambo yatakaporekebishwa, kwa ugonjwa usiotaka ujulikane tumia njia nyingine. Dawa za VVU na za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kipimo kidogo unaweza kukilipia mfukoni. Ndugu zetu wa polisi na jeshi wana ugumu wao: kliniki iko ndani ya kambi, muuguzi ni jirani, na mke wa afande anapanga foleni pamoja nawe. Kwao kituo cha nje ya kambi kina thamani ya nauli ya boda.

Hatua ya 5: Chagua mtu mmoja, na umpe kiasi

Kunyamaza kabisa si salama kila mara. Mwenye kifafa anayefanya kazi karibu na mashine, mwenye kisukari anayetumia insulini, mwenye seli mundu, mwenye pumu kwenye ghala la vumbi la saruji, mama mjamzito anayeinua katoni: hawa wanahitaji mtu kazini anayejua la kufanya. Tofauti iko hapa: mpe mtu huyo maelekezo, usimpe historia.

“Dada Amina, mara chache naweza kuanguka nikatetemeka. Ukiniona hivyo, ondoa vitu vigumu karibu yangu, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni. Ikizidi dakika tano nipelekeni hospitali, na namba ya kaka yangu ni hii. Nakuambia wewe peke yako.” Amina sasa anaweza kukuokoa. Hajui ulianza lini, unatumia dawa gani, wala ndoa yako ya kwanza ilivunjika kwa nini.

Mtu huyo si lazima awe rafiki yako mkubwa. Rafiki mkubwa ana rafiki mkubwa. Chagua mtu ambaye hujawahi kumsikia akikuletea habari za ndani za wengine, kwa sababu anayekuletea za wengine anapeleka zako.

Kuhusu magonjwa ya kuambukiza, hapa ndipo watu hujipa vyeo. Kifua kikuu, na Ebola kama tulivyoiona Mubende mwaka 2022 na Kampala Januari 2025, huripotiwa kwa maafisa wa afya, na wao ndio wanaofuatilia waliokaribiana na mgonjwa. Kazi hiyo haikupewa meneja wa ghala kuisimamia kwa tangazo ubaoni. Ukiwa na kifua kikuu cha kawaida, baada ya wiki kama mbili za dawa sahihi hatari ya kuambukiza hushuka sana. Daktari ndiye atakayesema lini urudi, na cheti chake cha kurudi kinatosha kumjibu anayesema “lakini tuna haki ya kujua”. Virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa kukaa meza moja wala kwa kutumia kikombe kimoja, kwa hiyo kwa VVU hoja hiyo haina hata mguu wa kusimamia.

Hatua ya 6: Mchango na ziara za wodini

Nitasema jambo ambalo litawaudhi baadhi ya watu wema. Hakuna kitu kinachotangaza magonjwa ya watu katika nchi hii kama mchango. Moyo wake ni mzuri, nami huchanga. Lakini soma ujumbe wa kawaida:

“Ndugu wapendwa, mwenzetu wa idara ya hati amelazwa Mulago, wodi fulani, amefanyiwa upasuaji wa kizazi baada ya mimba kuharibika. Tunaomba chochote ulicho nacho. Tuma kwa namba hii.”

Watu sabini wamesoma, kumi na wawili wamechanga. Aliyeandika alidhani maelezo yataleta pesa. Mgonjwa atarudi kazini akiwa na shilingi laki mbili na macho sabini.

Ujumbe huo uandikwe hivi: “Ndugu wapendwa, mwenzetu wa idara ya hati hajisikii vizuri na yuko chini ya uangalizi wa madaktari. Familia imekubali tumsaidie kwa gharama. Tuma kwa namba hii. Kwa salamu, mpigieni dada yake. Kwa sasa haombi wageni.” Pesa itakuja ile ile. Anayetaka kujua ugonjwa kwanza ndipo achange, hakuwa na nia ya kuchanga.

Sharti lisilopunguzwa: ujumbe usitoke kabla mgonjwa mwenyewe, au aliye naye kitandani kama yeye hawezi kusema, hajaukubali maneno yake. Usitajwe ugonjwa, wala wodi, wala jina la taasisi ambayo peke yake inatafsiri ugonjwa.

Kwa mgonjwa: andaa mtu wako wa kuuguza. Hospitali zetu zinategemea ndugu wa kukaa na mgonjwa, na shangazi aliyelala kwenye mkeka siku nne atawaeleza wageni kila kitu kwa upendo, kwa mpangilio, na kwa sauti. Mwambie: “Shangazi, wakija wa kazini, waambie naendelea vizuri na daktari ameridhika. Basi.” Faili liingizwe chini ya godoro na dawa zitolewe juu ya kabati. Na unaruhusiwa kusema hutaki wageni wa ofisi. Ujumbe wa watu sita na mfuko wa matunda ni heshima, lakini anayekuja kukuona pia anakuja kuona.

Hatua ya 7: Siku ya kurudi

Tayarisha sentensi moja na uirudie kwa kila mtu, bila kubadilisha neno. Watu hulinganisha. Ukimwambia mmoja malaria, mwingine vidonda vya tumbo, mchana watakaa wakatafuta ugonjwa wa tatu ambao ndio wa kweli.

“Nilikuwa siko vizuri, sasa nashukuru Mungu. Asante kwa kuuliza. Ile mizigo ya Mutukula iliishaje?” Shukrani halafu swali la kazi. Aliyekuuliza kwa mapenzi ataridhika. Atakayerudia swali, mjibu hivyo hivyo tena, ukitabasamu. Mara ya tatu hatarudi.

Usidanganye kwa kutaja ugonjwa mwingine. Uongo unahitaji kulishwa kila siku, na dawa, miadi na uzito wako havitaukubali.

Hatua ya 8: Umbeya umekwisha anza

Usikimbilie kukanusha. Ukisema “si kweli, mimi sina UKIMWI, nina kansa”, umewauzia siri mbili kwa bei ya moja. Ukinyamaza wataendelea siku chache kwa yale yale, na umbeya usiopata chakula kipya husogea kwa mwingine. Najua hilo ni rahisi kuandika kuliko kuishi.

Wakati huo huo, sikiliza umbeya wenyewe unasema nini, maana unabeba anwani ya ulikotoka. Ukitaja dawa kwa jina, umetoka kwenye ankara au kwenye mkoba wako. Ukitaja hospitali na siku, kuna aliyekuona. Ukitaja idadi ya siku ulizopewa, umetoka kwenye cheti, na aliyekipokea ni mmoja. Ukisema tu “amekonda”, basi hakuna aliyevujisha. Ni macho na midomo. Mbea akibanwa atasema lisemwalo lipo, na hapo atakuwa anakwambia bila kujua kwamba hana ushahidi.

Andika. Tarehe, saa, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Piga picha za skrini kabla ujumbe haujafutwa, na zionyeshe namba na tarehe. Weka kumbukumbu hizo nyumbani, si kwenye droo ya kazini.

Kisha zungumza na mtu mmoja, yule aliye karibu zaidi na chanzo, mkiwa wawili. Kama ni mkubwa wako kwa umri, mtumie mtu mzima mwenzake amfikishie. Kwetu hiyo inafanya kazi kuliko barua. Maneno yawe mafupi: “Mama, nimesikia habari ya afya yangu imetajwa chai ya saa nne, na jina lako limo. Sikuja kugombana. Naomba isitajwe tena.” Kesi nyingi nilizozisimamia ziliishia hapo. Aibu ni dawa kali.

Hatua ya 9: Malalamiko rasmi

Lisipoisha hapo, andika barua kwa afisa utumishi, nakala kwa mwakilishi wa wafanyakazi. Eleza kilichotoka, tarehe, na rekodi gani ya kampuni ilikuwa na habari hiyo. Usitaje ugonjwa wako ndani ya barua ya kulalamika kwamba ugonjwa wako umetajwa. Andika “taarifa za afya yangu”. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Hapa kuna mpaka ambao ni vizuri uuelewe mapema. Sheria ya 2019 inamgusa mtu aliyechukua au kutoa kinyume cha sheria data inayoshikiliwa na taasisi: msaidizi wa mhasibu aliyeisoma ankara akaisimulia, au karani aliyefungua faili lako. Adhabu inaweza kuwa faini, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili. Yule aliyekisia tu kwa kukutazama hakuchukua data ya mtu. Kwake zimebaki kanuni za nidhamu za kampuni, au kesi ya kashfa, ambayo ni ghali, ndefu, na itakufanya uzungumzie afya yako mbele ya mahakama. Mimi siishauri.

Kampuni ikikaa kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari ya taifa, NITA-U. Sheria hiyo hiyo inakuruhusu kudai fidia mahakamani kwa hasara au usumbufu wa moyo uliokupata. Aliyevujisha akiwa mhudumu wa afya, kila taaluma ina baraza lake: la madaktari na madaktari wa meno, la wauguzi na wakunga, na la wataalamu wengine wa afya kama wa maabara. Mhudumu anaogopa baraza lake kuliko anavyomwogopa bosi wako.

Umbeya ukigeuka uamuzi, umehamishwa, umenyimwa cheo au umefukuzwa, njia nyingine inafunguka. Sheria ya Ajira inakataza ubaguzi kwa sababu ya VVU au ulemavu. Sheria ya 2014 ya Kuzuia na Kudhibiti VVU na UKIMWI inaongeza kwamba haijalishi kama hali hiyo ni ya kweli au ya kudhaniwa. Maana yake ni kwamba huna haja ya kuthibitisha una virusi au huna. Inatosha kuonyesha kwamba walikuhukumu kwa kudhani. Nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya. Kama umefukuzwa, una miezi mitatu tangu siku hiyo, na ukichelewa itabidi ueleze sababu inayokubalika. Kutoka kwake kesi inaweza kupanda hadi Mahakama ya Viwanda.

Kama wewe ndiye mkubwa

Mawili tu. Rekodi za afya zikae kwenye faili lake peke yake, kabati lake, ufunguo kwa mtu mmoja, mbali na faili la mishahara na nidhamu. La pili, mtu akiuliza mbele yako “huyu anaumwa nini hasa?”, jibu “yuko likizo” na uendelee na ajenda. Ofisi hujifunza kwa kukuona wewe.

Ukiacha kazi

Karibu kila mtu husahau hapa. Unapokabidhi kitambulisho na funguo, omba kwa maandishi kujua ni taarifa gani za afya yako kampuni inazo, zitatunzwa hadi lini, na nani atazifikia. Sheria hairuhusu data kukaa kuliko muda unaohitajika kwa kazi iliyokusanyiwa, na una haki ya kuomba iliyopitwa na wakati ifutwe. Jitoe kwenye makundi yote ya WhatsApp ya kazini siku hiyo hiyo, na uombe ujumbe wa zamani wa mchango wako ufutwe na aliyeutuma kama bado upo. Halafu mpigie yule utakayemtaja kama mdhamini wako kwa mwajiri mpya, umwambie waziwazi aeleze utendaji wako tu, na akiulizwa kuhusu siku ulizokosekana ajibu kwamba zote zilikuwa na cheti.